Minazi ya Mauwa

Kokushubila, jirani yangu, alinisimulia haya masika ya mwaka juzi, tukichambua mchele barazani kwangu.

Mwaka 1973 alikuwa darasa la tano, Temeke. Alitoka Bukoba kuja kukaa na baba yake mdogo, Didas, kuli wa bandarini Kurasini. Kila asubuhi alifagia, akachemsha uji, akanywa peke yake. Didas alikuwa ameshaondoka, na akirudi usiku humkuta mtoto kalala. Kihaya alizungumza na sufuria tu. Shuleni alinyamaza, maana akifungua mdomo wenzake humdaka: "Wa bara, rudia tena tucheke!"

Wiki moja Mwalimu Sadallah alimwambia, "Insha yako ya Jumatatu isiposomeka, utarudi darasa la tatu."

Darasa la tatu! Akae na watoto wanaomfikia kiunoni!

Jumamosi alikwenda chuo cha ualimu cha jirani, ambako wanachuo waliwasaidia wanafunzi kuandika. Akampata Atuganile, msichana wa Tukuyu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hebu tuione insha."

Insha iliitwa "Nyumbani Kwetu". Ilikuwa na minazi, madafu, na babu mkwezi. Atuganile akainua macho. "Babu yako anakwea minazi huko Bukoba?"

Kokushubila akainama. "Nimenakili kwa Mauwa. Tunakaa dawati moja. Hajui."

"Kwa nini, mdogo wangu?"

"Nyumbani kwetu hakusemeki kwa Kiswahili." Machozi yakamtoka.

"Mie nilipofika hapa nilinyamaza muhula mzima, Kinyakyusa kimenijaa kifuani. Haya, nisimulie kwa Kihaya."

"Lakini hukijui!"

"Sikijui, ndiyo maana sitakusahihisha."

Akasimulia, kwanza polepole, kisha kwa mikono na macho. Alipomaliza, Atuganile akamwambia, "Sasa nieleze kwa Kiswahili ulichosema, huku ukiandika." Kila Kokushubila alipokwama alimsogezea penseli, naye Atuganile akakataa: "Mikono nimeikalia. Andika mwenyewe." Kweli alikuwa ameikalia! Kokushubila akacheka, mara ya kwanza tangu afike mjini.

Jumatatu alianza kwa Mauwa. "Nilinakili insha yako. Nisamehe."

"Mwizi wee!" Mauwa akapaza sauti darasa zima lisikie. "Hata babu yangu umemchukua?"

Mwalimu Sadallah akamwita Kokushubila mbele asome aliyoandika mwenyewe. Akasoma: "Bibi alinifungia ndizi katika jani, nile njiani. Nilizila zimepoa." Hakuna aliyecheka.

"Makosa saba," alisema Mwalimu Sadallah, "lakini imesomeka. Utabaki hapa. Na nyote sikieni: ukinakili, mimi namsahihisha mwenzako, wewe unabaki bila mwalimu. Nipeni makosa yenu wenyewe, ndiyo kazi yangu."

Usiku ule Kokushubila hakulala, alimngoja Didas. Didas akaingia na vumbi la saruji nyweleni.

"Baba, nikusomee insha yangu?"

"Soma, mwanangu," alisema, akajinyoosha kwenye mkeka.

Mstari wa pili haukwisha, alikuwa akikoroma. Kokushubila akaisoma mpaka mwisho hata hivyo, kwa sauti, neno kwa neno. Kisha akapuliza kibatari, akajilaza, usingizi ukamchukua.