Mshono wa Njano

Jumamosi, saa tano kasorobo asubuhi, fundi Idman alilala chini ya gari la zahanati, Noah, na kuligonga chujio la moshi kwa mpini wa bisibisi. Likalia kama mkebe mtupu. Masega ya ndani, yale yenye madini ghali, yalikuwa yamekombwa yote, kisha ganda likafungwa na kupakwa rangi ya fedha.

"Ndiyo maana taa ya injini haizimiki," alisema akitoka. "Hata ukibadilisha sensa kumi za oksijeni, Eedo Bishara, ni kazi bure. Umeibiwa."

Bishara, mama mwenye zahanati, alimgeukia dereva wake pale pale, mbele ya gereji nzima. "Funguo zinalala kwako, Shuaib. Mwizi ni wewe! Ikiadhiniwa adhuhuri, napigia polisi simu."

"Wallahi sijui chochote, Eedo! Miaka sita nawabebea wagonjwa, leo niitwe..."

Idman alimwonea huruma, lakini huruma si ushahidi. Akarudi chini, akaikwaruza ile rangi kwa bisibisi. Mshono wa kuchomelea ukang'aa njano. Hakumwambia mtu. Akachomeka skana ya kusoma kompyuta ya gari.

"Tangu taa iwake, gari limetembea kilomita mia mbili na ishirini. Ulikwenda wapi, Shuaib?"

"Kambini Dagahaley jana, abaayo, dada yangu, kwenda na kurudi ni kilomita hizo hizo. Iliwaka kabla hatujatoka mjini."

"Na Alhamisi?"

"Rejeta ilikuwa inavuja. Nililiacha gari kwa Mustafe asubuhi, nikalichukua saa kumi na moja jioni."

Banda la Mustafe, fundi wa rejeta, lilikuwa la tatu kutoka hapo. Wakaenda, na watu wakawafuata. Nani akose uhondo kama huo? Walimkuta anakunywa chai, ametulia tuli. Idman akamuuliza kama ndiye aliyelikata chujio na kulichomelea tena.

"Mimi? Wallahi billahi! Alhamisi stima zilipotea mtaa mzima, tangu saa moja asubuhi hadi magharibi. Ulizeni yeyote. Ningechomelea na nini, meno?"

Watu wakaangua kicheko. "Hapo anasema kweli," Bishara alisema. "Hata friji ya chanjo tuliiwashia jenereta." Akatoa simu mkobani. Shuaib alijishika kichwa. Ilikuwa saa sita na nusu, muadhini angeanza wakati wowote.

Idman hakucheka. "Waryaa Mustafe, mshono wa stima ni wa kijivu. Huu ni wa njano. Ni shaba, na imeyeyushwa kwa gesi. Mafundi wengine wote hapa tunachomelea kwa stima. Ule mtungi wa gesi nyuma ya mlango wako ni wa nini?"

Kila mtu aligeuka kuutazama. Chini yake zilikuwa zimelala fimbo tatu za shaba, moja imetumika nusu.

Mustafe aliweka kikombe chini, chai ikamwagika. "Mnunuzi alitaka masega matano kabla ya Ijumaa," alisema polepole. "Nilikuwa na manne. Nilijua atalaumiwa dereva."

Kicheko kilikufa. Kila aliyewahi kumletea Mustafe rejeta alianza kuhesabu kimoyomoyo siku alizomwachia gari.

Bishara alipiga ile simu ya polisi, kisha akanyoosha funguo. "Shika, Shuaib. Wagonjwa wanangoja."

Shuaib hakuzipokea. Macho yalikuwa yamemwiva. "Mwizi uliniita mbele ya watu, Eedo."

Bishara akaugeukia umati, akapaza sauti hadi banda la mwisho: "Shuaib si mwizi! Mimi ndiye niliyemkosea. Naomba anisamehe."

Ndipo Shuaib akanyoosha mkono, akachukua funguo.