Mbio za Kugombea Saa Kumi

Kila Ijumaa jioni meza yetu ya chakula hugeuka ofisi. Mama ni msimamizi wa michezo na burudani wa chuo tunamoishi, na Ijumaa ndiyo siku yake ya kupanga ratiba ya Jumamosi: nani atacheza mpira wa wavu saa ngapi, nani ataazima drafti, nani atavuta kamba na nani. Karatasi hujaa meza nzima, nasi tunakula tukiwa tumepakata sahani. Mjomba husema siku moja atajiandikisha kwenye ratiba ili naye apate zamu ya kukaa mezani.

Mjomba huyo ni mdogo wake Mama. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, akiishi nasi, na ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ya wavu ya wanafunzi. Wenzake walimwita Pikipiki kwa mbio zake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sitaficha kwamba nilimpenda kuliko watu wengi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na alikuwa akinisikiliza ninapozungumza hata kama mambo yenyewe ni ya darasa la sita. Akiniita “mpwa wangu” mbele ya rafiki zake, nilivimba kichwa siku nzima.

Chuo chetu kina uwanja mmoja tu wa wavu, na uwanja huo una saa moja tu nzuri, nayo ni saa kumi jioni. Saa hiyo jua limepungua makali na kivuli cha mabweni kimefika kwenye wavu. Saa saba mchana sakafu ile ya saruji huunguza kama kikaango. Miaka yote wanafunzi walicheza saa kumi, na wafanyakazi, yaani wapishi, watunza bustani, wasafishaji na watoto wao, wakaachiwa saa saba. Muhula ule wafanyakazi walilalamika. Wanafunzi nao wakalalamika kwamba wafanyakazi wanalalamika. Mama alichoka kusikiliza pande zote mbili, akaamua zifanyike mbio za kuzunguka chuo. Mtu atakayetangulia, upande wake ungechukua saa kumi kwa muhula mzima.

Njia ilianzia uwanjani, ikaenda langoni, ikashuka hadi kwenye tangi la maji bondeni, kisha ikapanda nyuma ya maktaba na kurudi uwanjani. Ili mtu asikate njia, mlinzi wa lango angemfunga kila mkimbiaji utepe mwekundu mkononi, na tangini angefungwa utepe wa njano. Asiye na tepe zote mbili asingehesabiwa.

“Tangini nimweke nani?” Mama aliuliza Ijumaa ile, kalamu ikiwa mdomoni.

“Mweke mpwa wangu,” Mjomba alisema. “Huyu hata sisimizi akipita atamwandika.”

Mama alisita. “Wewe unakimbia, na yeye ni mpwa wako. Watu watasema.”

“Watasema nini, dada? Kuna mtu hapa chuoni asiyejua kwamba mtoto huyu hasemi uongo?”

Nilifurahi mpaka nikashindwa kumaliza chakula. Tulikata tepe za njano pamoja, mimi nikishika mkasi na yeye akivuta kitambaa. Zilitimia hamsini. Nilizitia ndani ya mfuko pamoja na daftari langu la kuandikia namba, nikauweka mfuko juu ya kabati la vyombo.

Asubuhi yake walikimbia watu thelathini na wanane. Wa kwanza kufika tangini alikuwa mpishi mmoja mrefu, mwembamba, ambaye wanafunzi walimwita Mwiko. Alikuwa mtu mzima wa kumwamkia, lakini kila siku alitembea kwa miguu kutoka mbali kuja kazini, na pumzi zake zilikuwa tulivu kana kwamba ametoka kuchota maji. Nilimfunga utepe, nikaandika namba yake.

“Asante, mwanangu,” alisema, akaondoka zake.

Baada yake wakaja wengine, wawili wawili, watatu watatu. Nilifunga, nikaandika. Kila kichwa kilipotokeza kwenye kona nilidhani ni Mjomba. Namba yake ilikuwa saba. Mwisho kabisa alifika mkutubi, akitembea na kujipepea kwa kofia, akaniuliza kama kuna mtu aliyebaki nyuma yake.

“Yupo mmoja,” nilisema.

Alipoondoka nilisubiri. Njia ilikuwa tupu. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi, maana Pikipiki hawezi kupitwa na mkutubi. Nikajiambia ameanguka. Nilichukua mfuko wangu nikakimbia kurudi, nikichungulia kwenye mitaro, nyuma ya chumba cha kufulia, hata chini ya ngazi za maktaba. Nilimwita mpaka sauti ikanikauka. Nilipofika uwanjani machozi yalikuwa yananilengalenga, na nilikuwa nimeshajipanga kumwambia Mama aite gari la zahanati.

Mjomba alikuwa amebebwa mabegani na wenzake. Mkononi mwake alikuwa na utepe mwekundu na utepe wa njano.

Sikuelewa. Mwiko alikuwa mbele ya Mama, akisema taratibu, “Mimi sisemi kitu, ila sikumwona mbele yangu popote.” Wanafunzi walimzomea, mmoja akasema jasho lilimwingia mzee machoni. Mama aliinua mkono wanyamaze. Hapo Mjomba akaniona.

“Huyu hapa,” alisema akishuka. “Kwa nini tubishane? Muulizeni mtoto mwenyewe. Yeye ndiye aliyenifunga.”

Watu wote waligeuka. Mjomba alikuwa anatabasamu lile tabasamu lake la kila siku, la kunifundisha baiskeli. Mama aliniuliza, “Alipita?”

Niliitikia kwa kichwa. Siwezi kusema nililazimishwa, maana hakuna aliyenishika shingo. Mama hakuomba hata kuliona daftari. Mwiko alinitazama kidogo, kisha akaenda kumpa Mjomba mkono wa pongezi.

Nyumbani nilizihesabu tepe. Nilikuwa nimewafunga watu thelathini na saba, kwa hiyo zilitakiwa kubaki kumi na tatu. Zilikuwa kumi na mbili. Nilimfuata Mjomba uani alikokuwa anasugua viatu vyake.

“Mjomba, hukupita tangini.”

“Nani kasema? Utepe si ninao?”

“Uliuchukua kwenye mfuko wangu.”

Alitazama mlango wa jikoni, akashusha sauti. “Sikiliza, mpwa wangu. Yule mzee ana mapafu ya farasi. Nilifanya mazoezi naye mara mbili, akaniacha mara mbili. Na wenzangu nilishawaahidi saa kumi. Nilipotoka langoni nikapenya nyuma ya chumba cha kufulia, basi, nani kaumia? Ni mchezo tu.” Kisha akanigusa bega. “Nilijua hutaniangusha. Unadhani kwa nini nilimwambia dada akuweke wewe pale?”

Maneno hayo yalinichoma kuliko yote. Kumbe siku ile ya Ijumaa alikuwa ananivika kilemba cha ukoka. Kumbe tulipokuwa tunacheka na kukata tepe, alikuwa ameshapanga kila kitu, na mimi nilikuwa mmoja wa vifaa vyake, sawa na viatu. Nilikuwa nimemtafuta mitaroni nikilia, naye alikuwa mabegani mwa watu. Nilimchukia, na wakati huohuo nilitamani aniambie kwamba nimemwelewa vibaya. Hakuniambia hivyo. Aliendelea kusugua viatu huku akipiga mluzi.

Wiki ile nzima nilimkwepa. Akiingia sebuleni, natoka. Mama aliniuliza kama naumwa, nikasema kichwa, na huo ukawa uongo wa pili. Jumamosi ilipofika, saa saba mchana, nilipeleka mpira uwanjani kama kawaida yangu. Wapishi walikuwa wametoka jikoni na aproni zao, wamebakiwa na dakika chache kabla ya kuosha masufuria. Binti mdogo wa Mwiko alikuwa peku, akirukaruka kwa mguu mmoja kwa sababu saruji ilimuunguza. Mwiko alivua ndala zake akampa. Zilikuwa kubwa mno kwake, na kila aliporuka zilibaki chini. Yeye mwenyewe akacheza peku. Aliponiona alinipungia mkono, akamwambia binti yake, “Huyu ndiye dada aliyekuwa tangini siku ile, anayefunga utepe vizuri.”

Niliuacha mpira pale pale nikarudi nyumbani. Mama alikuwa anachora ratiba. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, tangu mfuko wa tepe hadi kuitikia kwangu. Nikampa daftari. Aliupitisha ukucha wake kwenye namba moja moja, akarudia tena kutoka juu, kana kwamba saba ingejitokeza akiitafuta kwa subira. Kisha akalifunga. Nilikumbuka kwamba Mjomba alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na kwamba mimi sikuwa peke yangu niliyechezewa shere.

“Kwa nini uliitikia?” aliuliza.

“Niliogopa kumwaibisha.”

“Na sasa?”

“Sasa naona aibu mimi.”

Alivaa viatu vyake. “Uliitikia mbele ya watu wote. Hili nalo utalisema mbele ya watu wote. Mimi nitasimama karibu nawe, lakini sitakusemea.”

Saa kumi wanafunzi walikuwa uwanjani, kivulini, Mjomba akiwa na mpira mkononi. Mama alimtuma mlinzi awaite wapishi na watunza bustani, kisha akapuliza filimbi. Nilitaka kumtazama Mama, nikaamua kuutazama wavu, maana wavu haukuwa na macho.

“Jumamosi iliyopita nilisema Mjomba alipita tangini,” nilisema. “Hakupita. Namba yake haimo kwenye daftari. Utepe aliuchukua nyumbani. Mimi nilijua hakupita, na nikanyamaza.”

Mjomba alicheka kidogo. “Dada, unamsikiliza mtoto?”

“Wiki iliyopita wewe ndiye uliyesema aulizwe mtoto,” Mama alimjibu.

Kicheko kilimkatika. Wenzake walimtazama, wakingoja akatae. Alitazama mpira, akauzungusha. Mwishowe akasema, “Sikupita.” Mwanafunzi mmoja aliyembeba begani siku ile alitupa chini taulo lake, akaondoka bila kuaga.

Mama hakupiga kelele. Alisema saa kumi ni ya wafanyakazi kwa muhula mzima, na wanafunzi watacheza saa saba. Mjomba si nahodha tena. Kila Jumamosi saa kumi atafunga wavu, atachora mistari kwa chaki na kuokota mipira ya wafanyakazi, mpaka muhula uishe. Mjomba aliitikia kwa kichwa tu.

Nilimfuata Mwiko, nikamwomba radhi. Sikutegemea anikumbatie, wala hakunikumbatia.

“Nashukuru umesema,” alisema. “Lakini umechelewa kidogo, mwanangu. Wiki nzima nimekuwa najiuliza kama macho yangu yameanza kuniongopea.”

Nilikuwa nimefikiria saa kumi tu, sikufikiria kwamba nilimfanya mtu mzima asiyaamini macho yake.

Ijumaa iliyofuata meza ilikuwa imejaa karatasi tena. Mjomba alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, sahani mapajani, akila bila utani. Baadaye akaniambia polepole, “Mpwa wangu, nimekukosea. Bado umenuna?”

“Sijanuna,” nilisema. “Naumia. Nilikutafuta mpaka kwenye mitaro, Mjomba. Nilidhani umekufa.”

Nadhani hakulijua hilo. Aliweka sahani sakafuni, akajifuta uso kwa mkono, akatoka nje. Mimi nikamgeukia Mama, nikamuuliza kama ni vibaya kwamba nimemsamehe lakini bado simwamini.

“Si vibaya,” Mama alisema. “Kusamehe ni kwako. Kuaminiwa ni kazi yake, na ataifanya taratibu.” Aliiweka kalamu chini. “Ila usifikiri alikuibia utepe tu. Kile ni kitambaa, ningenunua kingine. Alichukua neno lako. Alijua watu wa hapa wanaliamini, akalitumia kana kwamba ni lake. Hilo ni kosa lake. Lakini wewe nawe ulimwachia siku saba, na siku hizo saba ndizo zilizomuumiza yule mzee. Mtu yeyote akitaka umkopeshe neno lako kwa jambo ambalo hukuliona, mkatalie pale pale, hata kama unampenda.”

“Hata akiwa wewe, Mama?”

Nikaona macho yake yamelowa. “Hata nikiwa mimi,” alisema, kisha akanisogezea daftari la ratiba na kalamu, akanitajia jina la kwanza la kuandika kwenye saa kumi.