Mkono Ulioshika Kata

Fundi wa kuandika mabasi miguu yake haina adabu. Macho hubaki mbele kwenye herufi, miguu ikarudi nyuma yenyewe, na anayepita nyuma yake ajihadhari. Ndivyo Mwamvua alivyopoteza sahani tatu za wali wa nazi asubuhi moja pale Ndundu, pantoni ikiwa bado ng'ambo ya mto na mabasi ya kusini yamepanga foleni hadi kwenye mikorosho.

"Yarabi! We kaka, una macho mgongoni?"

"Sina, bibie."

"Basi mbona unautanguliza?"

Utingo waliokaa juu ya mizigo wakaangua kicheko. Fundi aligeuka, brashi mkononi, rangi ya kijani imemganda sikioni. Alikuwa kijana mrefu aliyevaa ovaroli iliyopauka na kofia ya kufumwa kwa mkono, safi kuliko vyote alivyokuwa navyo mwilini. Mbele yake alisimama mwanamke wa miaka ishirini na mitano hivi, kajifunga kanga za rangi ya embe bivu, hina ya Idi haijafutika kuchani, na nyusi zimekunjwa kama za hakimu.

"Nisamehe, dada yangu. Naitwa Ridhiwani, natoka Kibiti. Wali huu..."

"Wali umeshapata wenyewe. Tazama kunguru hao."

Ilikuwa ni mwaka ule nguzo za daraja zilipoanza kuchomoza mtoni. Basi liliweza kungoja pantoni saa tatu, hata nne, na kwa kuwa hakukuwa na saa nyingine ambapo basi husimama kimya, Ridhiwani alikuja kuyaandika majina palepale kwenye foleni. Jua lilikuwa kali. Alipomaliza kuomba radhi aliomba maji.

Mwamvua alichota kwa kata kutoka mtungini, akampa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko kwa heshima. Mgongoni mwa kiganja hicho cha kulia, karibu na dole gumba, alikuwa na kovu lililopinda kama mwezi mwandamo.

"Nikulipe ngapi?"

"Maji haya hayauzwi. Ni sadaka ya marehemu mama yangu. Ukishiba, mwombee."

Ridhiwani alichuchumaa, akasema Bismillahi, akanywa kwa mafunda matatu. Kisha akaweka kata chini, akainua viganja vyake vyenye rangi, akaomba dua ndefu kuliko ya wapita njia wengi. Mwamvua alijifanya anafunika chungu. Wali uliomwagika alikuwa ameshausahau.

Baada ya siku hiyo mabasi ya kuandikwa yaliongezeka ghafla. Hata yaliyokwisha kuandikwa yalionekana yana herufi za kurekebishwa.

"Nimekuja kuomba maji."

"Kibiti hakuna maji, fundi?"

"Yapo tele. Lakini hayana mtu wa kunigombeza."

"Nikikugombeza bure utazoea vibaya. Kanywe, uniondokee."

"Uniondokee, au usichelewe kurudi?"

"Kunywa, Ridhiwani!"

Siku moja pantoni ilipotia nanga watu walisukumana kama kawaida, na bibi mmoja wa Mbwera, aliyekuwa akirudishwa kutoka hospitali, akaangushwa magotini. Mwamvua aliacha biashara yake, akamwinua, akamkalisha kivulini na kumnywesha. Ridhiwani alisimama na brashi yake, hakuandika kitu.

"Watu hawa si wabaya," Mwamvua alisema alipomwona. "Wamesahau tu. Wewe unayejua kuandika ungewawekea ukumbusho mlangoni mwa mabasi."

"Niwaandikie nini?"

Mwamvua alifikiri. Mwaka huo alikuwa ameanza masomo ya jioni ya watu wazima kule Ikwiriri, alikokuwa akiishi kwa mjomba wake. Alikaa dawati moja na akina mama wenye wajukuu, na kila neno aliloweza kulisoma alimshukuru Mungu kwa hilo kama riziki.

"Wema hauozi," alisema. "Maneno mawili tu. Hata mimi nitayasoma."

"Na wasiosoma?"

"Wawekee picha. Iwe moja, tena ndogo, mtu aielewe akiwa na mtoto mgongoni na mzigo kichwani."

"Basi nimeipata. Mkono wako na hiyo kata."

"Mkono wangu? Huoni una kovu?"

"Bila kovu utakuwa mkono wa mtu mwingine."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaunyoosha mkono na kata mpaka bega likamuuma. Ridhiwani alichora kwa penseli kwenye daftari la masomo la Mwamvua, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama mtoto, kisha akainakili picha kwenye karatasi ya kuondoka nayo. Hakumgusa hata ncha ya kidole. Lakini Mwamvua alihisi kwamba katika maisha yake hakuna aliyepata kuutazama mkono ule kwa muda mrefu hivyo.

Mzee Mohamedi, mwenye mabasi, aliupenda mpango huo. Karatasi za stika zilipatikana Kariakoo, ambako siku hizo maduka yalikuwa yamefurika kila kitu. Kazi ya kuchapa Ridhiwani alisema ataifanya mwenyewe: atachonga muhuri kwenye soli ya kandambili, aupake wino, agonge moja moja. Hakuwa amepata kuchapa kitu maishani. Yeye alizoea kupaka rangi tu.

Wiki hiyohiyo barua ya posa ilifika kwa Mzee Shaabani, mjomba wake Mwamvua, imefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Jibu lilitakiwa Ijumaa, baada ya swala.

"Mwanangu," mjomba aliuliza, "huyu mchoraji unamtaka?"

Mwamvua alichora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Nasikia kimya cha mwanamwali ni ridhaa. Lakini mimi ni mzee, masikio yangu yanataka maneno. Fikiri, umwombe Mungu, uniambie kesho kutwa jioni. Barua nitaifungua siku hiyo."

Kesho yake, siku ya Jumatano, basi la kwanza lenye stika lilisimama Ndundu. Mwamvua aliiona kutoka mbali, ya buluu, ubavuni mwa mlango. Alifuta mikono yake kwenye kanga, akaisogelea, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi: "We-ma. Ha-u-o-zi." Aliyasoma yote bila kusaidiwa na mtu. Akajipigia kigelegele.

"Soma na picha basi, Bi Mwamvua!" alipiga kelele Bashiru, utingo wa basi hilo, mtu ambaye mdomo wake haukuwa na likizo. "Huo mkono gani huo?"

Mwamvua alitazama. Kovu lilikuwa lake, lile lile. Aliweka mkono wake wa kulia kando ya picha, haukulandana nayo. Akaweka wa kushoto. Ulikaa sawasawa, dole gumba kwa dole gumba.

"Wa kushoto!" Bashiru alicheka. "Jamani, kumbe sadaka yenyewe hutolewa kwa mkono wa chooni!"

Watu wakacheka, wengine bila hata kujua wanachekea nini. Hayo angeyavumilia. Lakini pembeni ya mtungi kulikuwa na mzee mmoja msafiri aliyekuwa ameshika kata karibu na midomo. Aliitazama stika, akamtazama Mwamvua, akaiweka kata chini taratibu. Maji hayakuguswa.

Mwamvua aliyamwaga mwenyewe. Yalikuwa maji ya mama yake.

Siku hiyo hakungoja kesho wala jioni. Alikwenda moja kwa moja kwa mjomba, jasho likimtiririka.

"Irudishwe ile barua."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna neno, mjomba. Irudishwe tu."

Alhamisi asubuhi barua ilipanda basi kwenda Kibiti, kitambaa bado kimefungwa fundo lilelile.

Alasiri yake, Mwamvua akipita na daftari kwenda darasani, aliitwa na Zamda, shoga yake mwenye duka. Zamda alikuwa na simu ya mezani, na aliamini kwamba Kibiti ni mbali mno kuongea polepole.

"Mwamvua! Simu yako! Ni wa Kibiti, analia kama mbuzi wa Idi!"

"Mwambie sipo."

"ANASEMA HAYUPO!" Zamda alinguruma. "KASEMA MWENYEWE, YUPO HAPA!"

Mwamvua aliichukua simu kwa hasira.

"Laazizi," sauti ilisema, "barua imerudi. Nimekosa nini?"

"Uulize mkono uliouchora."

"Mkono umekosa nini? Nimeuchonga nikiwa na udhu!"

"Na udhu wako umenipa mkono wa kushoto, Ridhiwani! Mbele ya watu wote. Kwa maji ya mama yangu! Nilikudhania mtu wa kuswali, kumbe ulinikalisha juu ya ndoo unifanye kichekesho."

"Haiwezekani. Ni wa kulia. Soli ninayo hapa mkononi, naiangalia. Wallahi ni wa kulia."

"Na mimi nina macho."

Akakata. Zamda alimpa kipande cha kashata. Darasani siku hiyo Mwamvua hakuandika neno. Kila alipofungua daftari aliona ukurasa ule wenye picha ya penseli, na mkono uliokuwa pale ulikuwa wa kulia. Hakuelewa. Aliporudi nyumbani aliswali, akakaa juu ya msala muda mrefu, akaomba aoneshwe kama amemdhulumu mtu.

Ijumaa asubuhi, kabla hajatia moto, alisikia zogo kwenye foleni. Ridhiwani alikuwa anakwenda kutoka basi hadi basi na kisu kidogo na chupa ya mafuta ya taa, akibandua stika. Kila alipobandua aliita kwa sauti:

"Jamani, nisikilizeni! Mkono huu ni wa kulia. Wa kushoto ni fundi!"

"Rudia, fundi, huku nyuma hatukusikia!" Bashiru alichokoza.

"Narudia! Kosa ni langu, si la mwenye mkono. Maji yake ni ya heri. Nimekunywa mimi, na Mungu akipenda nitakunywa tena."

Alipofika kwenye mtungi hakuomba maji. Alikuwa hakunyoa, macho mekundu, kofia ileile safi. Alichuchumaa, akaweka juu ya benchi soli ya kandambili iliyochongwa.

"Tazama mwenyewe, Mwamvua. Kisha useme lolote."

Mwamvua aliinama. Herufi za kwenye soli zilikwenda kinyume, hazisomeki, kama nyayo za sisimizi. Lakini mkono alioukuta pale, pamoja na kovu lake, ulikuwa wa kulia. Aliweka wake kando. Ukakaa.

"Sasa igonge," Ridhiwani alisema, akiipaka wino.

Mwamvua alifungua daftari lake, akaibandika soli kwenye ukurasa mtupu na kuikandamiza. Alipoinua, herufi zilikuwa zimenyooka: Wema hauozi. Na mkono ulikuwa wa kushoto.

Akagonga tena, polepole. Ukatoka uleule.

"Herufi nilizigeuza," Ridhiwani alisema kwa sauti ndogo. "Kila mtu anajua kuwa kwenye muhuri herufi hugeuzwa. Mkono sikuugeuza. Nilidhani mkono ni mkono tu."

"Umegonga stika mia na zaidi. Hukuona hata moja?"

"Nilikuwa nasoma maneno, kuangalia kama yametoka vizuri."

Mwamvua alikumbuka alivyosimama mlangoni mwa basi, ameshangilia maneno kabla hajaitazama picha. Alikumbuka na kitambaa cheupe chenye fundo ambalo hata halikufunguliwa.

"Barua iko wapi?" aliuliza.

Ridhiwani aliitoa ndani ya ovaroli. Fundo bado lilikuwa limefungwa.

"Hukuifungua?"

"Si yangu. Niliiandika kwa wenyewe."

Mwamvua alilifungua. Posa kwa desturi husomwa na wazee, na mwali huambiwa tu. Lakini mjomba alishamwambia kuwa masikio yake yanataka maneno, naye alitaka kuyajua maneno ya kujibu. Alisoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari, wala Ridhiwani hakumsaidia hata alipokwama.

"Mimi... Ridhi-wani... naomba kuwa... mwana katika nyumba yenu. Sina shamba kubwa. Nina kazi ya mikono na nina dua. Nimemwona binti yenu akiwapa maji watu... asiowajua, nami nikamwomba Mungu... niwe mmoja wa watakaomchotea yeye."

Alikunja barua. Machozi yalishuka mpaka kwenye kanga, akayaacha.

"Umeniandikia maneno mepesi," alisema.

"Nilijua una darasa la jioni."

Wakati huo mzee msafiri wa Jumatano, aliyekwama Ndundu akingoja gari la kwao Ruaruke, alikuwa amesogea na fimbo yake. Alikuwa amesikia yote, kama walivyosikia wote.

"Mwanangu," alimwambia Mwamvua, "juzi nilikudharau kwa sababu ya karatasi. Nipe maji, nimwombee mama yako."

Mwamvua alimpa kwa mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko. Mzee aliketi, akanywa, akaomba. Alipofika kwenye amina, sauti ya Bashiru ilisikika kutoka juu ya mizigo, amina ndefu, isiyo na mzaha.

Kisha Mwamvua aliipindua ndoo, akaketi juu yake.

"Lete soli nyingine. Utachonga upya, na watu watakumbushwa walichosahau. Mara hii nitaishika kata kwa kushoto, ili karatasini utoke wa kulia. Kovu utaliongeza mwenyewe."

"Utakubali? Kwa mkono huo?"

"Kwa soli tu. Wewe nitakupa kwa huu." Alichota, akampa. "Kunywa, moyo wangu. Umetoka Kibiti na kiu."

Akanywa kwa mafunda matatu, bila kuyaondoa macho usoni pake.

"Sasa chukua barua," Mwamvua alisema, akilifunga fundo upya. "Mjomba siku ya Ijumaa huwahi msikitini. Muwahi kabla ya swala, umwambie jibu lake nimeshaliomba kwa Mungu, nami baada ya swala nitamwambia kwa maneno. Na Ridhiwani..."

"Labeka."

"Safari hii tembea ukitazama mbele."

"Nimesikia, bibie."

Lakini hakuweza. Alikwenda kinyumenyume, kitambaa cheupe kifuani, akimtazama yeye juu ya ndoo yake. Alipita hivyo kwenye sahani, matenga ya samaki, kuku na watoto. Na foleni nzima ya Ndundu, iliyozoea kusukumana, ikampisha.