Ngoma Isiyo na Mpigaji

Siku ya wanafunzi kuhamia mabwenini, Chuo cha Wexley huwa kama soko lililopitiwa na kimbunga. Akina baba wamebeba magodoro vichwani, akina mama wanagombana na mashuka, magari yameziba njia mpaka kwenye mashamba ya mahindi. Katika fujo hiyo ya Agosti, binti aitwaye Odessa Pruitt alikuwa akishuka ngazi za kilima amekumbatia ngoma kubwa ya bendi, kubwa kuliko kiwiliwili chake. Aliyemtazama kwa mbele aliona ngoma yenye miguu miwili na raba nyekundu.

Kijana aliyekuwa akipanda ngazi hizo hizo alikuwa na friji ndogo begani. Naye hakuona mbele.

Wakavaana, paa! Friji ilibaki begani, lakini ngoma ikamponyoka Odessa, ikabingirika ngazi kwa ngazi, du, du, du, watu wakiruka kando kama kuku.

"Ishikeni jamani! Ni mali ya chuo hiyo!"

Kijana akatua friji, akatimka. Miguu yake ilikuwa mirefu kama ngazi ya kupakia rangi, na akaidaka ngoma kabla haijaingia barabarani. Akarudi nayo polepole. Alipofika juu, mkono mmoja ulikuwa kwenye ngoma na mwingine kifuani, na midomo yake ilikuwa imepauka kama ya mtu aliyelamba unga.

"Wewe, mzima kweli?" Odessa akauliza.

"Mzima. Ngoma yako ndiyo nzito. Umemficha mtu humu?"

"Nimemficha wa mwisho aliyeniuliza swali la kijinga."

Kijana akacheka, rangi ikamrudi. "Corwin Tate. Timu ya kikapu."

"Hilo nalo la kusema? Mlingoti kama wewe ungecheza nini, karata?"

"Basi nilipe. Nimeokoa mali ya chuo."

"Sina kitu. Nina kitendawili cha bibi yangu."

"Tega."

"Nyumbani mwetu mna ngoma. Haina mpigaji, haipumziki mchana wala usiku, na siku ikinyamaza wote hulia."

Tabasamu la Corwin likazimika, kama taa iliyozimwa na mtu wa chumba kingine. Akatazama viatu vyake.

"Sijui," akasema.

"Kwa bibi yangu, asiyejua hutoa mji."

"Chukua Kokomo."

"Kokomo nzima?"

"Na watu wake wote."

Odessa akaondoka na ngoma yake na mji wake, akicheka peke yake njia nzima. Mapenzi bwana! Huingia kama paka, hata sakafu haisikii.

Kufikia Septemba, mahindi yalipoanza kukauka mashambani, hakuna aliyemwona mmoja bila kumtafuta mwingine kwa macho. Corwin alimpigia simu kila alipotoka mazoezini, maji yakimchuruzika shingoni.

"Malkia wa Kokomo, watu wako hawajambo?"

"Wanalalamika. Wanasema mfalme wao wa zamani hana nguvu, anahema kama mbwa."

"Nani anahema?"

"Wewe. Nakusikia."

"Ah, ni Kocha Brandt huyo. Leo ametukimbiza mpaka mwenzangu Lamont kaita jina la mama yake. Mpenzi, unakuja na pai?"

"Pai ya sukari au ya maneno?"

"Ya sukari. Maneno unayo bure."

Mwaka uliotangulia Corwin alikuwa amekaa benchi msimu mzima, akishangilia wenzake. Mwaka huu kocha alikuwa amemshika bega na kumwambia, nafasi ni yako. Mama yake, Rosalind, dereva wa basi kule Gary, alikuwa ameomba ruhusa kazini ili amwone mwanawe kwa mara ya kwanza katika rangi za chuo.

Wexley msimu haufunguliwi kwa hotuba. Jumamosi moja ya Oktoba, mchana, mji wote huja ukumbini kutazama mazoezi ya kwanza, na mazoezi hayo huanza kwa Mbio za Ngoma. Wachezaji hukimbia kutoka mstari hadi mstari, kwenda na kurudi, muda wote ngoma ikipigwa. Anayechoka hukaa chini. Ngoma hainyamazi mpaka abaki mmoja amesimama, na huyo hupewa mpira wa kwanza wa msimu. Mwaka huu ngoma ilikuwa mikononi mwa Odessa.

"Utanionea huruma?" Corwin alimchokoza.

"Nitakupigia mpaka umwamkie bibi yangu kaburini."

Utani huo ulikuja kumchoma baadaye kama mwiba wa samaki kooni.

Jioni moja, mwisho wa Septemba, Odessa alipeleka pai uwanjani, mahali wachezaji wanapokimbia kupanda na kushuka majukwaa. Hakumwona Corwin. Akazunguka nyuma, akamkuta amelala chali kwenye nyasi, macho yamegeuka, na Lamont, mwenzake wa chumba kimoja, anampepea kwa jezi.

Pai ikaanguka.

"Usipige kelele," Lamont akanong'ona. "Anaamka. Huwa anaamka."

"*Huwa*? Kwani si mara ya kwanza?"

Corwin akafumbua macho. "Pai iko wapi?" akasema, akijaribu kucheka. Odessa hakucheka. Alipiga magoti, akaweka sikio kifuani pake. Mtu wa ngoma hasikii mapigo tu, husikia na nafasi iliyo kati yake. Aliisikia ngoma ile ya ndani ikienda mbio. Ikajikwaa. Ikanyamaza. Odessa akangoja. Kisha ikapiga tena.

"Corwin. Una nini humu?"

Akasema ukweli, akitazama angani. Mjomba wake Ellis, kaka yake mama, alianguka akicheza kikapu nyuma ya kanisa. Alikuwa kijana kama yeye, na hakuinuka.

"Lakini mlipimwa wote! Mliwekewa nyaya kifuani!"

Vijana wakatazamana. Wapimaji walikuwa wametoka mjini, hawakumjua mtu kwa sura. Waliita namba za jezi. Siku hiyo Lamont alipokwisha kupimwa, walibadilishana jezi, akalala kitandani mara ya pili kwa namba ya Corwin.

"Aliniambia anaogopa sindano," Lamont akajitetea.

"Pale palikuwa na sindano?"

"Hapakuwa. Nilishangaa baadaye."

Odessa alitaka kuwapiga wote wawili, alitaka kulia. Corwin akamshika mkono. "Niapie hutasema. Mama anakuja Jumamosi ile. Niache nicheze siku moja anione, kisha nitasema mwenyewe. Nikipimwa, Dessa, nitajua. Na nikijua, basi ni kweli."

"Na usipojua?"

"Tafadhali."

Akaapa. Tangu hapo, darasani alimwona Corwin anaanguka. Akila alimwona anaanguka. Simu ikilia aliitazama kama nyoka. Ngoma ivumayo sana hupasuka, alikuwa akisema bibi yake, na kila alipoinua kirungu cha ngoma aliyasikia maneno hayo.

Jumatano ya wiki ya ufunguzi akabisha mlango wa Kocha Brandt, akasema yote. Kocha, mzee mwenye sauti ya mawe, akawaita vijana wote wawili.

"Umeanguka?"

"Nilikuwa na njaa, Kocha," Corwin akajibu, bila kumtazama Odessa.

"Na jezi? Mlibadilishana?"

Lamont akatazama kamba za viatu. Katika timu ile, kumtaja mwenzako ni kosa kubwa kuliko kuiba. "Sijui habari hiyo, Kocha."

"Binti," kocha akasema, si kwa ubaya, "kipimo chake ni safi. Daktari alisema ni moyo wa farasi. Lakini ili nawe upate usingizi, Jumatatu nitampeleka akapimwe tena."

"Jumatatu? Na Jumamosi je?"

"Jumamosi ni kukimbia tu."

Ni kukimbia tu! Odessa akausukuma mlango, akatoka. Nje ya mlango Corwin alimngoja, macho mekundu.

"Uliapa."

"Nilimwapia mtu aliye hai. Nataka abaki hai."

"Usinipigie tena simu."

Alipiga. Alipiga Alhamisi, akapiga Ijumaa. Mara moja ikapokelewa. Odessa alisikia tu mpira ukidunda sakafuni, na pumzi ya mtu. Kisha ikakatwa.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Wazee walivaa makoti ya zambarau, rangi ya chuo, watoto wamepakwa rangi mashavuni, harufu ya bisi na soseji imejaa hewani. Odessa alisimama mbele ya bendi katika sare yenye vifungo vya shaba na raba zile nyekundu. Safu ya kwanza, karibu yake kabisa, aliketi mama mmoja mrefu mwenye kofia ya manyoya na bango aliloandika kwa mkono: HUYO MREFU NI WANGU.

"Wewe ndiye wa ngoma?" mama akamwita. "Mwanangu kaniambia jana tu, unamiliki Kokomo."

"Jana? Amesema jana?"

"Jana jioni. Sauti yake ilikuwa ya msiba, nikajua mmegombana." Mama Rosalind akakunja bango, akalikunjua. "Mwenzio naogopa, usinicheke. Kaka yangu naye alikuwa na miguu hii hii."

Odessa akafungua kinywa. Filimbi ikalia. Kiongozi wa bendi akamnyooshea kidole: piga!

Akapiga. Du, du, du. Vijana wakatoka mstarini, viatu vikilia sakafuni. Watu wakasimama. Kwenda, kurudi. Akakaa wa kwanza, akakaa wa pili, wakawa wanakaa wawili wawili, na kila anayekaa ukumbi unapiga kelele kama paa linang'oka. Odessa hakuwaona. Alimwona mmoja tu, namba kumi na nne, na midomo yake iliyoanza kupauka kama siku ile ya ngazi.

Kaa chini, mpenzi. Kaa, nakuomba. Kila pigo alilopiga lilikuwa linamsukuma, naye alijua.

Wakabaki Corwin na Lamont. "Ongeza!" kiongozi wa bendi akafoka. "Ongeza!" ukumbi ukaitika. Corwin akageuka kwenye mstari, na mkono wake wa kulia ukapanda kifuani.

Odessa akainua kirungu juu. Hakukishusha. Aliweka kiganja chake juu ya ngozi ya ngoma, na ngoma ikafa.

Kwanza watu hawakuelewa. Kisha zomeazomea ikaanza, ikavimba. "Piga ngoma!" "Mtoeni huyo!" Kiongozi wa bendi akamnyang'anya kirungu, Odessa akaikumbatia ngoma kwa mikono miwili, uso umelowa.

"Sipigi," akasema. "Nitoeni. Sipigi."

Katikati ya sakafu Lamont alikuwa ameinama, mikono magotini. Corwin alisimama wima. Bila ngoma ile ya nje, akaisikia ya ndani: inakimbia, inajikwaa, inanyamaza. Akamtazama Odessa. Akamtazama mama yake, aliyekuwa ameinuka, bango limemwanguka, kiganja mdomoni. Hofu yake yote tangu Agosti ilikuwa ya kujua. Sasa aliona kuwa wanawake wale wawili walikuwa tayari wanajua, na walikuwa wanaibeba peke yao.

Akatembea hadi kwa kocha. Akavua jezi, akamkabidhi.

"Kocha, kipimo kile ni cha Lamont."

Ukumbi ulinyamaza hata bisi zikasikika zikilipuka.

"Ni kweli, Kocha," Lamont akasema. "Nisamehe. Ni changu."

Magoti ya Corwin yakalegea. Kocha Brandt, mwenye sauti ya mawe, akamdaka kwapani na kumlaza polepole, akiita gari la wagonjwa kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Odessa aliruka kizuizi. Mama Rosalind alikuwa amekwisha kufika.

Madaktari wa Indianapolis walisema waziwazi: nyama ya moyo ni nene kupita kiasi. Wakamwekea kidude chini ya ngozi, karibu na bega, cha kuushtua moyo ukisahau kazi. Kikapu basi. Si msimu huu tu, ni maisha yote. Siku mbili Corwin aliugeukia ukuta, akalia kama mtoto. Siku ya tatu kocha akaja na ile jezi, imefuliwa, akaiweka kitandani. "Ufadhili wako haukatwi. Na kwenye benchi pana nafasi pembeni yangu. Nahitaji mtu wa kuniambia ukweli," akasema, akatoka haraka.

Odessa alikuwa mlangoni. Hakujua kama anatakiwa kuingia.

"Malkia," Corwin akaita. "Watu wa Kokomo hawajambo?"

"Wamekukasirikia."

"Wana haki. Na wewe?"

"Mimi zaidi."

"Njoo unikasirikie hapa karibu." Akampisha kitandani. "Nitege tena kile cha bibi."

Odessa akafuta macho. "Nyumbani mwetu mna ngoma, haina mpigaji..."

"Moyo."

"Ulijua lini?"

"Pale pale kwenye ngazi. Niliogopa kulitaja neno lenyewe. Nikaona afadhali nitoe mji." Akamshika vidole. "Sasa nimelitaja. Nirudishie Kokomo yangu."

"Mji ukishatolewa haurudi."

"Basi nipe nyumba humo. Ndogo tu, ya watu wawili, tukimaliza chuo. Dessa, nakuuliza kweli, sitanii."

"Ya watatu!" sauti ya Mama Rosalind ikatoka nyuma ya pazia. "Mkwe nilale wapi, kituo cha basi?"

Odessa alicheka huku analia. Aliinama, akaweka sikio kifuani pa Corwin, upande usio na mshono.

"Inasemaje?"

"Nyamaza. Nasikiliza."

Ikapiga. Ikasita. Odessa akalikamata shuka. Ikapiga.

"Inasema tuhamie," akajibu.