Unyevu Ubavuni mwa Kitanda

Mambo haya yalimkuta mshonaji mmoja, jirani ya dada yangu, aliyebaki na mama mkwe wake baada ya kufiwa na mume. Walikaa kwenye nyumba kongwe ya mawe. Tangu msiba, mshonaji alipika, akafua, akashona, kama mtu aliyekufa ganzi mwili mzima. Hata unyevu wa ukuta wa chumba cha bibi huyo asingehangaika nao, kama si kifua. Mama mkwe alikuwa akikohoa mpaka midomo inabadilika rangi.

Akamwita mwashi. Mwashi alikuja asubuhi, mtu wa maneno mengi. Akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akacheka.

"Nani aliwadanganya mpige saruji hapa? Mawe haya yanataka chokaa. Saruji imeyaziba pua."

Mama mkwe aligoma kutoka chumbani. Basi wakamvuta na kitanda chake hadi katikati, wakamfunika shuka asipate vumbi, mwashi akaanza kubandua.

Nyuma ya saruji, mawe yalikuwa makavu. Makavu ya kutoa vumbi.

Mwashi akatoka kutazama upande wa pili wa ukuta. Kichochoro kitupu, jua linawaka, ukuta mkavu vilevile. Aliporudi alimkuta mshonaji amesimama, anatazama jiwe moja lililo usawa wa mto.

Jiwe lilikuwa likilowa. Doa likatanda, ukubwa wa kisahani. Likafifia. Likatanda tena. Kama kioo unapokipulizia pumzi.

Mwashi akaweka kiganja. Akakiondoa upesi.

"Vuguvugu," alinong'ona.

Mshonaji alijua alipaswa kukimbia. Miguu haikuona sababu.

Kitandani, chini ya shuka, mama mkwe akasema polepole, "Mfunikeni, wanangu. Anasikia baridi."

Mwashi alikandika chokaa. Aliondoka akausahau mwiko wake, na hakuurudia.

Kikohozi kikakoma siku hiyohiyo. Bibi akaomba kitanda kisogezwe kabisa ukutani. Akawa analala ameugeukia, ananong'ona, ananyamaza, kama anayesubiri kujibiwa. Mshonaji hakuuliza. Alipeleka chakula, akaondoa vyombo. Mchana mmoja alimkuta amelala vilevile, ameshapoa. Akamfumba macho, akaenda kuwaita majirani.

Baada ya mazishi aliingia kutoa matandiko. Akakivuta kitanda.

Kwenye chokaa, usawa wa mto, palikuwa na kiganja. Si alama ya mtu aliyebonyeza akiwa chumbani. Kilikuwa kimetokeza nje, vidole vimetanuka, kama mkono uliosukuma kutoka ndani ya jiwe. Na chokaa haikuwa na ufa hata mmoja.

Akapitisha mkono ukutani, toka pembe hadi pembe. Kukavu. Akakigusa kile kiganja.

Katikati ya vidole palikuwa pamelowa.