Nilimfundisha Mwanangu Kunyamaza

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, mzaliwa wa Muthara, na ninaishi mjini Meru katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Nina mtoto mmoja tu, Makena, wa miaka saba. Baba yake alituacha akiwa bado ananyonya, na huyo sina haja naye. Leo simshtaki mwanamume. Wasomaji wenzangu, leo najishtaki mimi mwenyewe!

Miaka miwili iliyopita nilipata kazi ya kupokea simu za wateja wa kampuni moja ya ng'ambo inayokodisha nyumba kwa watalii. Kazi ya kufanyia nyumbani, kutoka asubuhi hadi jioni. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Sitamwachia tena jirani mtoto! Nitamwona akitoka shule, nitampikia, tutakula pamoja... Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

Kazi ile ilikuwa na sharti moja kubwa. Mteja asisikie kelele yoyote ya nyumbani. Msimamizi wangu, ambaye mpaka leo sijauona uso wake, alisikiliza simu zetu, na akisikia sauti isiyo ya ofisi anakuandikia onyo. Maonyo matatu, unaenda zako.

Onyo la kwanza nililetewa na jogoo. Alikuwa wa Mama Kendi, jirani yangu wa mlango wa pili, na aliwika nikiwa katikati ya maneno yangu matamu kwa mteja. Nilimnunua jogoo yule siku hiyo hiyo, nikamchinja. Mnacheka? Hata mimi nilicheka, huku nanyonya mifupa.

Baada ya jogoo nikazima redio. Kisha nikawaambia kina mama wa kanisa, waliozoea kupitia kwangu Jumatano kwa maombi, wasibishe hodi mchana. Wakaanza kuja jioni, lakini jioni nayo nilikuwa nimeshaanza kupokea simu za ziada, nikawa siwafungulii. Wakachoka. Nani angenizuia? Kazi ilikuwa pale mezani, hatua tatu kutoka kitandani. Mtu wa ofisi hufunga mlango akaenda nyumbani. Mimi ningeenda wapi?

Kisha ikawa zamu ya Makena.

Nilimfundisha kwa upole, mjue hivyo. Nilimwambia, "Ukiona mami amevaa hedifoni, hapa ni kanisani." Akajifunza kuvua viatu mlangoni, kufunua sufuria bila kuigonga, kukohoa ndani ya mto. Akitaka kitu, ananionyesha kwa vidole. Mtoto wa miaka mitano! Nami nikajisifu kwamba hakuna mtoto mwenye adabu kama wangu katika ploti nzima ya wapangaji.

Siku moja Mama Kendi alinisimamisha tukianika nguo.

"Mama Makena, kwani huyu mtoto wako ni mgonjwa? Mimi sijawahi skia akilia. Nikimwongelesha ananiwekea kidole kwa mdomo!"

Nikamjibu kwamba kila mtu alee wake. Tangu siku hiyo hakunisalimia tena, nami nikaona afadhali, kelele imepungua.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Ilikuwa saa saba mchana. Makena alikuwa ametoka shule, nami nilikuwa na mteja mkali ambaye nyumba aliyokodi haikuwa na maji ya moto. Nilimbembeleza karibu nusu saa. Nilipovua hedifoni na kugeuka, nikamkuta mwanangu amesimama nyuma ya kiti changu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefura malengelenge. Alikuwa amejimwagia uji niliouacha jikoni ukichemka. Mkono mwingine wa sweta ulikuwa umelowa mate pale alipouma kwa meno.

"Mami, nilinyamaza," akaninong'oneza. "Sikulia hata kidogo."

Alikuwa amesimama hapo kwa muda gani? Sijui... na sitajua kamwe.

Nilimkimbiza hospitali kwa bodaboda. Mkono ulipona, ukabaki na kovu. Hapo mtu mwenye akili angefanya nini? Angeiacha ile kazi, au angalau angepunguza saa! Mimi nilifanya nini? Nilimpeleka Makena kwa mama yangu, Muthara. Nilimwambia mama ni mwezi mmoja tu, nipange mambo yangu. Mama alinitazama sana.

"Kazi iko nyumbani, mtoto hayuko nyumbani," akasema kwa Kimeru. "Hiyo ni kazi gani?"

Nilijifanya sijasikia.

Mwezi ukawa muhula, na baada ya muhula huo ukaja mwingine. Muthara si mbali, ni mwendo wa kama saa moja tu! Lakini kila Jumamosi kulikuwa na simu za ziada. Mwanzoni nilimpigia Makena kila jioni, kisha Jumapili tu, kisha nikawa natuma salamu kupitia kwa cucu wake, yaani mama yangu. Nilikula mbele ya kompyuta. Zilipita siku sijazungumza na mtu ninayemwona. Nilienda dukani kununua maziwa, nikamwambia muuzaji, kwa Kiingereza changu cha kazini, asante kwa kutupigia. Alicheka sana. Mimi nilirudi nyumbani nikalia, tena bila sauti, kwa mazoea.

Mwaka huu kampuni ikanitumia cheti. Mfanyakazi bora! Waliandika kwamba simu zangu zina utulivu wa kupigiwa mfano. Nilikisoma kwa sauti pale chumbani, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua. Nimwonyeshe nani? Mama Kendi? Kina mama wa kanisa? Nilikichapisha saiba, kwenye duka la kompyuta, nikavaa vizuri, nikaenda Muthara kumwonyesha mwanangu.

Nikiwa bado nje ya boma nilisikia mtoto akipiga kelele. Kelele haswa! Alikuwa akiimba, akiwafokea mbuzi, akicheka mpaka pumzi inamwishia. Nikajiuliza, huyu ni mtoto wa nani mwenye sauti kubwa hivi? Nikasukuma lango.

Alikuwa Makena wangu... Nilimzaa mimi, na sikuijua sauti yake!

Aliponiona alinyamaza papo hapo. Hakukimbia kunikumbatia. Alivua malapa yake, akayapanga kando, akawageukia watoto wawili wa jirani aliokuwa akicheza nao, akaweka kidole mdomoni.

"Nyamazeni," akanong'ona. "Mami amekuja."

Niliketi pale pale kwenye matope, cheti mkononi. Nilimwomba apige kelele, alie, hata anitukane, chochote! Alinipangusa machozi kwa ule mkono wenye kovu.

Niliiacha kazi ile. Siku hizi nawajibu wateja wa kampuni nyingine kwa kuandika, mshahara ni mdogo, na saa kumi jioni kompyuta inaingia kabatini. Ufunguo wa kabati anauweka Mama Kendi. Nilimwomba msamaha, nikamnunulia jogoo mwingine. Kila Ijumaa naenda Muthara. Makena amekataa kurudi Meru, nami simlazimishi. Nilipomuuliza sababu, alinisogelea sikioni. "Kwako ni kwa kazi," akasema.

Ninyi mnaofanyia kazi nyumbani, nawasihi kwa machozi. Wekeni saa ya kufunga, na ikifika, fungeni! Wafungulieni wanaobisha hodi. Mtoto akilia mteja akasikia, acheni asikie, na onyo lije. Mimi niliogopa maonyo matatu ya mtu nisiyemjua, na Mungu aliponionya kupitia mkono wa mwanangu, nikapokea simu iliyofuata.

Jogoo mpya wa Mama Kendi ana fujo kuliko yule wa kwanza. Anawika tangu alfajiri, mchana kutwa, upande wa pili wa ukuta wangu. Simwambii mtu kitu. Ni yeye tu ninayemsikia mpaka Ijumaa ifike.