Ghuba Iliyopimwa Kila Asubuhi

Maji yalipokupwa, Mama Pacha alikunja gauni lake hadi magotini akaingia ghubani. Alikuwa amekwisha kuwapeleka pacha wake shuleni. Sasa alikuja kuwaangalia chaza wake, waliokuwa kwenye kamba zilizoning'inia chini ya vichanja vya miti. Wanawake kumi na wanane wa kikundi chao walifuga chaza humo, mstari baada ya mstari.

Alivuta kamba ya kwanza. Chaza aliye hai hufunga gamba ukimgusa. Hawa wengi hawakufunga. Ndani ya magamba mlikuwa na ute wa kijivu wenye harufu mbaya. Akahesabu. Katika chaza arobaini, kumi na wanne walikuwa wamekufa. Wiki iliyopita walikuwa tisa.

Aliirudisha kamba majini. Maji yalikuwa ya vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Chini, majani ya bahari yaliyokuwa ya kijani yalikuwa yamegeuka kahawia na kulala.

"Wifi!" aliita. "Hebu njoo uone!"

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa kwenye kichanja cha jirani. Alikuwa mwanamke asiyekaukiwa maneno. Safari hii aliitazama kamba kwa makini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kwangu ni kumi na sita. Nilidhani ni mkosi wangu peke yangu."

Nyumbani, Mama Pacha hakugusa chakula. Mumewe, fundi seremala, aliweka randa chini.

"Mbona uso umekushuka, mama?"

"Chaza wanakufa, baba watoto. Na sijui kinachowaua. Ningekijua, angalau ningejua pa kuanzia."

Alasiri wanakikundi walikutana katika banda la kuchambulia chaza. Kila mtu alisema lake.

"Tuhamishe kamba zote upande wa barabara inayokatiza kati ya ghuba na bahari, leo hii!" alisema Wifi.

"Tulete katapila tuupanue mlango wa ghuba," alisema mwenyekiti. Alikuwa dereva mstaafu, na kila tatizo aliliona kuwa linahitaji mashine kubwa.

Pembeni alikaa mpimaji wa maji wa idara ya mazingira. Kwa mwaka mzima mama huyo alikuwa akija kuchota maji ya ghuba na kuyatia kwenye chupa, hata wakampa jina la Bi Chupa. Alipopewa nafasi, alifungua kompyuta yake ndogo juu ya meza, katikati ya visu na magamba.

"Hii ndiyo ghuba yenu," alisema. Kwenye kioo palikuwa na umbo la ghuba, huku bluu, huku nyekundu.

"Nyekundu ya nini? Imechomwa na jua?" aliuliza Wifi. Watu wakacheka, lakini kicheko chao kilikuwa cha woga.

"Pekundu ni mahali ambapo maji hayana hewa ya kutosha," alisema Bi Chupa. "Chaza anahitaji hewa iliyo ndani ya maji. Maji yakisimama na kupata joto, hewa hupungua. Tena mvua inaleta mbolea kutoka mashambani. Mbolea inakuza mwani mdogo sana. Mwani huo ukioza, unamaliza hewa iliyobaki."

"Na kompyuta imeyajuaje hayo?" aliuliza Mama Pacha.

"Huu unaitwa mfano wa kompyuta. Nimeuingizia kina cha maji, joto, upepo na idadi ya kamba zenu. Kisha ninauliza, tukifanya hivi, nini kitatokea? Afadhali tukosee hapa kwenye kioo kuliko kukosea kule majini."

Alibonyeza. Kamba zote zilihamia upande wa barabara. Baada ya wiki nne za kwenye kompyuta, upande huo nao ulikuwa mwekundu, kwa sababu chaza walibanana mno. Alibonyeza tena. Mlango wa ghuba ulipanuliwa. Mchanga ukaingia, ukafunika majani yote ya bahari.

"Majani hayo yanashika mchanga na kuwaficha samaki wadogo," alisema. "Yakifa, ghuba nzima imekwisha."

"Sasa unataka tukae tu tuwaangalie wakifa?" aliuliza Mama Pacha.

"Hapana, dada yangu. Tuhamishe kamba ishirini tu karibu na barabara, mahali ambapo mfano unasema maji yanapita. Tupime kila asubuhi. Na tukubaliane leo hii kwamba wakifa zaidi ya watano katika arobaini, tunasimama na kubadili mpango. Mfano unaweza kukosea. Vipimo vyenu ndivyo vitakavyousahihisha."

Wanawake walianza kunong'onezana. Nani angetoa kamba zake zijaribiwe?

"Chukueni zangu," alisema Mama Pacha. Wifi alimwangalia kama mtu aliyerukwa na akili.

Tangu siku hiyo hakukosa hata asubuhi moja. Alipima joto la maji. Alitumbukiza kifaa chenye waya cha kupimia hewa. Kisha aliteremsha sahani nyeupe kwa kamba, akaandika ilipotelea kina gani, ili kujua maji yametakata kiasi gani. Yote yalikwenda kwenye daftari.

Siku ya tatu walikuwa wamekufa wanne. Siku ya tano, watano. Siku ya saba alihesabu mara mbili, akidhani macho yanamdanganya. Walikuwa kumi na mmoja.

"Nilijua mimi!" Wifi alipiga makofi kwa hasira. "Kompyuta yenyewe haijawahi kulowa miguu hata siku moja!"

Mama Pacha alikwenda na daftari mpaka ofisini kwa Bi Chupa, chumba kidogo chenye rafu za chupa ukutani. Njia nzima aliogopa ataambiwa alipima vibaya. Lakini Bi Chupa alisoma ukurasa kwa ukurasa, akavua miwani.

"Umepima vizuri sana," alisema. "Mfano ndio uliokosea. Angalia hapa. Mfano unasema maji ya bahari yanaingia ghubani kwa nguvu kupitia mabomba manne chini ya barabara."

"Manne?" Mama Pacha alishangaa. "Mawili yamezibwa na mawe. Tangu barabara ilipotengenezwa upya."

"Kwenye ramani yote manne yako wazi!"

"Ramani hiyo ilichorwa na nani? Sisi wote tunajua kuwa yamezibwa."

"Na mimi sikuwauliza," alisema Bi Chupa polepole. "Mwaka mzima nachota maji yenu, sikuwauliza."

Waliondoka pamoja hadi barabarani. Bi Chupa alitoa chungwa mkobani, akalitupa majini karibu na kamba za majaribio. Chungwa lilizunguka pale pale. Dakika kumi zilipita, halijaenda popote. Ndipo Mama Pacha alipoelewa. Alikuwa amewahamishia chaza wake mahali ambapo maji yalikuwa yamekufa.

Siku hiyo hiyo Bi Chupa aliyaziba mabomba mawili ndani ya mfano. Rangi nyekundu ikajitokeza mahali pale pale ambapo chaza walikuwa wakifa. Kikundi kizima kiliinama juu ya kioo.

"Sasa inasema kweli," alikiri mwenyekiti.

Walikubaliana mambo mawili. Kwanza, kila mtu apunguze kamba moja katika kila tatu, ili chaza wapate nafasi. Wifi alinung'unika, ila alipunguza. Pili, wazibue bomba moja tu kwanza.

"Kwa nini si yote mawili?" aliuliza Wifi. "Mgonjwa amezidiwa, mnampa dawa kwa kijiko?"

"Chini kuna tope la miaka mingi," alijibu Bi Chupa. "Likitibuka lote kwa pamoja, litawafunika chaza. Tuweke mpaka wetu. Sahani isipoonekana kwenye kina cha mkono mmoja kwa siku tatu mfululizo, tunaliziba bomba tena."

Kusubiri kibali cha watu wa barabara kulichukua siku tisa. Kwa Mama Pacha zilikuwa kama mwezi. Kila asubuhi alikuta wafu wapya. Hatimaye mafundi wa barabara walikuja, wakatoa mawe, na maji yakaingia ghubani kwa kishindo.

Kesho yake ghuba yote ilikuwa na rangi ya udongo. Sahani ilipotea mara ilipogusa maji. Siku ya pili ilikuwa vile vile. Mama Pacha alikuta wanawake sita wamesimama kwenye bomba, mawe mikononi. Wifi alikuwa mbele.

"Tunaliziba," alisema Wifi. "Unataka tupoteze hata hao waliobaki?"

Mama Pacha aliogopa kuliko wote. Lakini alifungua daftari.

"Tulisema siku tatu. Leo ni ya pili. Tazameni, hewa imepanda tangu jana. Joto limeshuka. Tukiziba sasa hatutajua kama lingefaa au la. Ikifika kesho sahani haionekani, nitabeba jiwe la kwanza mimi mwenyewe."

Walitazamana. Wifi aliangusha jiwe lake, karibu limvunje kidole.

Asubuhi ya tatu wote kumi na wanane walikuja. Mama Pacha aliteremsha sahani. Safari hii aliishika kwa mkono. Maji yalimfika kiganja, yakamfika kiwiko. Sahani ilikuwa hafifu, lakini ilionekana. Aliendelea kuishusha mpaka bega likagusa maji.

"Naiona," alisema. "Bado naiona!"

Wiki mbili baadaye, katika chaza arobaini walikufa sita. Mwezi uliofuata, wawili. Ndipo walipozibua bomba la pili. Seremala, mume wa Mama Pacha, alilitengenezea mlango wa mbao za kuchomeka. Mto uliomwaga matope yake upande wa pili wa barabara ulipofurika, walishusha mbao. Maji yalipotakata, waliziinua. Mbao ngapi na siku gani, waliamua kwa vipimo, na kila mara walimpelekea Bi Chupa tarakimu zao aziingize kwenye mfano. Mara mbili walikosea. Mara mbili waligundua mapema, wakarekebisha.

Wasiwasi wa Mama Pacha haukuisha. Kila wingu jeusi bado alilifuata kwa macho. Ila sasa alijua la kufanya nao. Alichukua daftari akaenda kupima.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, seremala alikwenda kuinua ubao wa chini. Ulikuwa umekwama. Alivuta, akavuta, akamwita mkewe.

"Mama Pacha! Mbao zangu zina nini hizi?"

Mama Pacha aliinama. Ubao wote, kutoka pembe hadi pembe, ulikuwa umejaa chaza wachanga, wadogo kama kucha za mtoto. Hakuna aliyewapanda. Alimgusa mmoja kwa ncha ya kidole.

Akafunga gamba.